Kasia Lako Limetoa Masizi

Mpendwa baba,

Sijui nikuamkie au nikuombee. Anwani yako sina, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, atakayekuona akusomee.

Unakumbuka tulivyookota magogo yaliyotupwa na ziwa hapa Lituhi? Biashara zilikuwa zimekuwa ruksa, na mnunuzi wa samaki wa mapambo alitaka pia miti ya kuweka kwenye matangi yake ya vioo. Watu walicheka. "Baba Adela, leo mboga ni magogo?" Ukawajibu, "Karibuni, ila njooni na chumvi." Mimi nilijificha nyuma ya pipa la kuchemshia kwa aibu.

Ulinifundisha kubandua magome, kuchokoa uozo kwa ncha ya kisu, kusugua kwa gunzi. Kisha kuchemsha, kumwaga, kuchemsha tena mpaka maji yasibadilike rangi, halafu kulowesha na mawe juu mpaka gogo lizame lenyewe. "Usimuulize mtu gogo limetoka wapi," ulisema. "Yaulize maji." Gogo la juzi hutoa maji ya rangi ya chai. Lililokaa sana ziwani hutoa maji safi, na nyufa zake zina utelezi wa kijani.

Ni miezi mitatu tangu uage kwamba unakwenda kuvua Lipingo. Wiki iliyopita baba mdogo alikuja na kasia lako, akasema amelikuta ufukweni, limeletwa na mawimbi. Nililijua kwa waya uliofungia ufa wa mpini. Mama alianguka chini. Wazee wakakubaliana: kwa kuwa mwili haukupatikana, Jumamosi kasia lizikwe na msalaba usimikwe.

Nilitaka lizikwe likiwa safi, nikalichemsha kwenye pipa letu. Maji yakawa meusi, baba. Siyo ya chai. Meusi, yananuka moshi. Ufa hauna utelezi hata chembe. Kwetu kasia lilikaa nyuma ya mlango, mbali na moto. Basi limefukizwa na jiko la nani?

Baba mdogo akanikuta. "Nani amekutuma? Kasia la marehemu halipikwi kama kande!" Akaninyang'anya, akamwaga maji upesi. Hakuuliza kwa nini ni meusi. Tangu siku hiyo ananiita "mwanangu" kwa upole nisiouzoea, na nikikaa na mama, naye anakuja kukaa.

Nimewaza mabaya mengi. Labda amekudhuru, akalificha kasia darini kwake, juu ya jiko. Labda wewe ndiye uliyemtuma alilete, na kuna mama mwingine huko anayekupikia chini ya dari lililolitia masizi. Wakati mwingine naomba iwe hilo la pili, kisha nashindwa kumtazama mama usoni.

Unanijua. Hata darasani jibu nililijua nikanyamaza, mpaka nikamaliza shule. Lakini chini ya pipa yalibaki maji kidogo, nami nimeyatia kwenye chupa. Jumamosi, kabla hawajafukia, nitayamimina kwenye beseni jeupe mbele ya mama. Sitamtaja mtu. Mama naye amechemsha magogo na sisi, atayauliza mwenyewe.

Kama u hai, fika kabla ya hapo.

Nimeamua. Marehemu haamkiwi, nami nakuamkia: shikamoo, baba.

Binti yako wa kwenye pipa