Shangazi Mosi na Jengo Linalobomolewa

S.L.P. 88,
Ibra, Sharqiya Kaskazini,
Oman.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Shukriya,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika kwa mdomo wa kaka yetu Marhoun. Marahaba, ingawa ningeipokea kwa furaha zaidi kama ingekuja kwangu moja kwa moja. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na zile zamu za usiku hospitalini wamekupunguzia? Aseel ameizoea skuli yake mpya? Na mama yako, Shangazi yangu Mosi, miguu bado inavimba? Mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ya presha humezwa kila asubuhi, si siku anayojisikia vibaya tu.

Sisi wazima, tunamshukuru Mola. Joto limelegea kidogo, alfajiri naweza kuendesha dirisha wazi. Mabasi yangu ya skuli sasa ni matano. Moja liko gereji, jingine dereva wake ameniaga, kwa hiyo nimerudi mwenyewe kwenye usukani. Nimechoka, Shukriya. Nakwambia mapema usije ukaisoma barua hii ukadhani ni hasira tupu. Hasira ipo, ila uchovu umeizidi.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe hulia na mimi hunyamaza, tukakata hakuna aliyesema kitu.

Ijumaa ya tarehe tano tulialikwa chakula kwa Marhoun, ukoo mzima. Baada ya wali akatutangazia kwamba jengo mnalokaa huko Utrecht litabomolewa, jipya litachukua miaka minne, wewe umepata nyumba ya vyumba viwili yenye bustani katika mji mpya upande wa pili wa Utrecht, na Shangazi atakuja kukaa Ibra. Kwangu. Watu wakamshukuru Mungu, wake wa binamu wakaja kunibusu. Mimi nimeshika sahani ya tende. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kujua.

Nikamuuliza mbona sikuulizwa.

"Uulizwe nini, Safa? Vyumba unavyo vitano, na mume huna."

Wakacheka. Nami nikacheka, maana nikinuna wanasema ndiyo sababu niliachwa.

Chumba ninacho, hilo ulijue. Nilikijenga mwaka juzi kwa ajili yake, bila kizingiti, mlango mpana wa kupita kiti cha magurudumu, vyuma vya kushikia chooni. Sikupewa na mtu. Nilianza na basi moja kuukuu la viti kumi na vinne, talaka mkononi na watoto wawili, na Marhoun huyu huyu akisema mwanamke wa ukoo wetu hawezi kuwa dereva. Kwa hiyo ninayokuandikia hapa chini usiyachukue kuwa ni ya mtu aliyekosa nafasi.

Shangazi alikaa kwangu miezi mitatu ya baridi iliyopita. Wote tulisema amerudi kwao. Kwao wapi? Kazaliwa Unguja, Ng'ambo, Oman kaja mtu mzima na watoto, Uholanzi kakufuata wewe ukiwa mjamzito wa Aseel. Ibra alikaa miaka michache tu, na wale aliokaa nao wako makaburini. Walikuja wageni wiki ya kwanza, nakiri. Wakambusu kichwa, wakanywa kahawa, wakamuuliza afya kwa Kiarabu cha huku ambacho yeye hukipata nusu, wakaondoka. Wiki ya tatu hawakuja tena. Mimi natoka alfajiri, narudi alasiri. Yeye na ukuta, na televisheni.

Mtu wake alikuwa Saliha, yule binti wa Tanga anayefanya kazi za ndani kwa jirani yangu Hamda. Akimwaga taka, Shangazi yuko getini. Wakizungumza Kiswahili unawasikia mpaka barabarani, Shangazi anamcheka anavyosema, Saliha anamjibu kwamba Bibi, Kiswahili chako kimepitwa na wakati, hicho cha kwenye makumbusho. Kisha Hamda akanijia kwa adabu zake zote, akanieleza kuwa kazi zinalala. Nikamkubalia, anayelipa mshahara ni yeye. Tangu siku hiyo Saliha akawa anamwaga taka mbio, na Shangazi akaacha kutoka getini.

Jumatano moja nilimpeleka soko la wanawake. Akabishana na muuza hina wa kibedui, huyu Kiarabu chake, yule chake, mpaka wakataka kuvutana kifuko. Alirudi uso umenawiri, akala wali sahani nzima. Mimi nikadhani ni hina.

Siku tuliyokuwa tunafunga mizigo kumrudisha kwako, nikamuuliza wazi kama angependa siku moja abaki huku moja kwa moja. Alikunja kanga mbili kabla hajanijibu.

"Mwanangu, hapa mnanipenda, sina la kulalamika. Lakini sina hata mtu wa kugombana naye."

Sikumwelewa. Nilimwelewa nilipofika Overvecht, mtaa wenu huko Utrecht.

Nilikuja nikitarajia Ulaya ya kwenye kalenda. Nikakuta majengo ya ghorofa kumi yamejipanga kama masanduku ya shehena, nyasi nyingi katikati, na mitaa yenye majina ya mito, Zambezi, Tigris, Volga, na mto hakuna. Ulinieleza kwamba palikuwa malisho na bustani za mboga mpaka miaka ya sitini, wakajenga haraka kwa sababu watu walikuwa wengi na nyumba haba. Waholanzi wakaingia wakafurahia lifti na maji ya moto. Wenye nafuu wakahamia vitongoji vipya vyenye bustani, wakaingia watu wa Morocco, Uturuki, Suriname, na nyinyi. Sasa wanabomoa ili warudi wale wenye nafuu. Na kila mtaa una sifa yake mbaya, aliyoitunga mtu asiyekaa pale.

Kasoro ulinionyesha zote: lifti inanuka, bafuni ukungu, vijana wamejazana chini ya ngazi. Kweli tupu. Lakini kipo ambacho hukunionyesha, kwa sababu wewe hukioni tena. Ule ujia mrefu wa nje unaopita mbele ya milango yenu kila ghorofa. Ukiwa kazini, Shangazi ana kiti pale. Na mlango wa pili ana kiti Bi Zohra wa Morocco na vyungu vyake vya nanaa. Shangazi anavisukuma kwa mkongojo, Zohra anavirudisha. Shangazi anasema Kiarabu cha Zohra si Kiarabu, Zohra anasema cha Shangazi kimefundishwa na ndege wa mtini, wanamalizia kwa Kiholanzi maneno yale kumi waliyonayo. Halafu Zohra anatoa chai, ya nanaa zile zile. Asubuhi moja Shangazi alichelewa kufungua pazia, nami nimelala fofofo. Zohra aliugonga mlango mpaka nikatoka na kanga kifuani, akanipita bila salamu, akaenda kumtazama kitandani.

Mimi nina chumba kipana, Shukriya. Mtu wa kunigongea mlango namna hiyo hata mimi mwenyewe sina.

Unajua kazi yangu ni masafa. Mwaka niliponunua basi la kwanza, watoto wa hara yetu, mtaa wetu wa zamani wa nyumba za udongo, walikuwa kumi na wanne, na wote nikiwachukua mahali pamoja, langoni. Kisha zikaja habari za viwanja vipya. Kila mmoja akaomba kivyake, akashika alichoangukia katika kura, tukapiga vigelegele. Mita mia sita kila mtu, ukuta, geti, taa barabarani. Nyumba nzuri, sikatai, silali tena chini ya dari inayonimwagia vumbi. Ila watoto wa familia zile zile leo nawazungukia kilomita thelathini na moja kila asubuhi. Hakuna aliyetutenganisha kwa nguvu. Hatukwenda pamoja kwenye dirisha la ofisi ya viwanja tukasema sisi ni majirani, tupeni safu moja, basi. Hara ya pili walikwenda. Walibadilishana namba za viwanja wao kwa wao kabla ya kutia saini, wakakaa pamoja, na watoto wao nawachukua kwa vituo viwili.

Sasa hesabu ya kwenu, uliyonipa mwenyewe nilipokuja, wakati kubomoa kulikuwa mpango tu. Milango mia na ishirini inaondoka, inakuja mia na themanini. Inasikika neema. Lakini ya kupangisha kwa kodi mnayoiweza ni sitini, iliyobaki ya kuuza. Sitini kwa mia na ishirini ni nusu. Wanaosema kila mtu atarudi hawajagawanya. Anayekubali nyumba ya muda papo hapo Overvecht yumo kwenye foleni. Anayeondoka amejitoa. Ukimleta Shangazi Ibra "kwa miaka minne," hana pa kurudi, naye ana miaka sabini na tisa.

Jumatatu nilimpigia, sikumwambia kitu. Akanieleza mwenyewe kwamba jengo litabomolewa, na kwamba yeye na Zohra wameshaanza kubishana nani achukue mlango wa upande wa jua huko watakakohamishiwa. Kubomolewa anakujua. Asichokijua ni kwamba ameshakatiwa tiketi.

Sikulaumu kutaka bustani. Miaka kumi na minane ya kuuguza watu usiku, bustani ni haki yako, na Aseel anahitaji chumba cha kusomea. Lakini sikiliza. Mwezi waliokupa wa kujibu haujaisha, na jibu bado hujalirudisha. Mchukue mtoto wa Zohra, yule anayefanya kazi kituo cha treni, mwende pamoja ofisi ya nyumba. Ombeni nyumba mbili za muda, mlango kwa mlango, moja ya Zohra na moja kwa jina la mama yako. Kwa jina lake, si lako. Wewe nenda kwenye bustani yako na Aseel. Kwa basi ni dakika arubaini na kitu, nililipanda nilipokuja, uliponipeleka kuuona mji huo. Uje kumwona Jumatano na Jumapili. Mtu wa kumsaidia kuoga asubuhi, kama ulivyonieleza, huko mnayo haki ya kumwomba. Na yote hayo mwambie yeye kwanza, leo, kabla hujamwambia mtu mwingine.

Kwa Marhoun nimeshakwenda jana. Nimemwambia hapana, mbele ya mkewe na wanawe. Akaniuliza watu watasema nini, mama wa watu anabomolewa nyumba ugenini, na mimi chumba kimefungwa. Nikamjibu watasema Safa amemkataa shangazi yake. Nimeshasemwa kwa talaka, nikasemwa kwa basi, nikasemwa kwa kupanda ndege peke yangu. Hili ni la nne, na nafasi ipo. Hakunisindikiza mlangoni. Mkewe alinisindikiza, akanibana mkono.

Kwa hiyo jina hilo nimelibeba mimi, wewe huna haja ya kulibeba. Kazi yako ni kwenda kuuliza. Wakikataa, wakakataa kwa maandishi, mlete. Nitakwenda Maskati kumpokea mwenyewe, na chumba kitakuwa kimefagiliwa. Lakini nikisikia hukwenda, ulitia saini tu kwa sababu umechoka, basi jua kwamba na mimi nimechoka, na usinitafute Idi hii wala ijayo.

Jibu likitoka, nipigie mimi kabla ya Marhoun. Kwa nafsi yangu hilo moja tu ndilo ninaloliomba.

Nisalimie Aseel, mwambie mama yake mkubwa anamtaka ajifunze kuendesha gari. Nisalimie Bi Zohra na mwanawe. Mbusu Shangazi mikono yote miwili. Wanangu wanakusalimu, na Saliha wa kwa Hamda huniuliza kila siku Bibi yule hajambo.

Mungu awape wepesi katika kuhama, awakutanishe na majirani wema, na kila mlango mtakaoufungua uwe wa kheri.

Dada yako, mchovu na mwenye kukupenda,

Safa