Msimu wa Mwisho na Neema

Jumapili jioni, Ipagala

Neema hakucheka leo. Miaka mitano tumeangalia pamoja tamthilia hii ya marafiki wanne wenye midomo michafu, kila Jumapili akitoka kanisani, na yeye ndiye huwa anacheka mpaka anajifuta machozi.

Leo umeanza msimu wa mwisho. Kuna mahali yule mnene anajisifia maziwa yake mbele ya wakwe. Mimi nilikuwa hoi kwa kicheko. Nikageuka, nikamwona Neema ameshika ziwa lake la kushoto, ametulia tu.

"Asha, hebu shika hapa."

Nilidhani ni utani wake. Nikashika. Kulikuwa na kitu kigumu, kama zabibu mbichi, na hakikusogea.

"Tangu lini?"

"Tangu nimzike mama kule Kibakwe. Na yeye alianza hivihivi." Akavuta gauni. "Usimwambie mtu. Tumalize kwanza tamthilia yetu, ndipo niende hospitali."

Zimebaki sehemu tisa. Wiki tisa! Na mimi, mropokaji mkubwa, nikaitikia kwa kichwa kama mjinga. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia sisubiri, kesho namfuata twende hospitali, kazini nitaomba ruhusa.



"Basi njoo saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Ukichelewa nitaghairi, hutanikuta."