Inawaka, Kisha Inazima

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua tangu juzi. Matope. Malori hayaingii shambani, na malori yasipoingia, sisi wa kwenye mashine hatuna viazisukari vya kurundika. Zamu imefutwa. Watu wa kambi wamelala mchana kutwa kwenye magari yao ya kuishi.

Twyla alipiga simu kutoka Arkansas. Dada yangu hapigi bure. Baba hanyanyuki tena kitandani. Muuguzi amemwambia ni wiki, labda siku. Anataka nije baba angali anatambua watu. Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakitazama muda mrefu baadaye — kahawa ilikuwa imepoa na sikuwa nimeonja.

Msimamizi aliniruhusu bila kuinua kichwa. Nikafunga masufuria yasigongane, nikachomoa maji na umeme, nikawasha. Injini iliitika mara ya kwanza. Nikatoka kambini, nikafika kwenye daraja. Ikazima. Hivihivi, kama mtu amefunga bomba. Nikangoja, nikawasha, ikaenda hatua chache, ikazima.

Verlin alikuja na pikapu yake kunivuta. Huyu ndiye jirani yangu, mzee wa Nebraska, aliyestaafu kazi ya reli. Alifunga mnyororo, akasema, "Mdogo wangu, Arkansas umefika na kurudi? Ama kweli unaendesha."

Jumatano, 9 Oktoba

Verlin anasema filta. Yeye kila kitu kwake ni filta. Tukalala chini ya gari juu ya maboksi, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, petroli ikatiririka mpaka kwenye mkono wa shati langu. Filta ya zamani ilikuwa chafu kweli. Akainyanyua kama mtu aliyevua samaki.

Tukaweka mpya, tukaongeza dumu moja la petroli, nikawasha. Ikanguruma vizuri. Nikavuka daraja. Nikafika kwenye maghala ya ngano. Ikazima.

Nilikaa ndani. Sikukasirika. Nilitazama magurudumu ya lori lililokuwa likipita na nikajiambia inabidi nikasirike. Haikuja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Theluji. Hakuna kitu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bernita alikuja na geji ya presha ya mafuta. Anaendesha kijiko cha kuzoa viazi pale kwenye rundo, na mumewe marehemu alikuwa na gereji, kwa hiyo vifaa vyote anavyo na msamiati wote anao. Alinisukuma pembeni, akafunga geji, akaniamuru niwashe. Nikawasha. Tukasimama tunatazama mshale, sisi watatu, kama watu mbele ya televisheni ya hospitali.

Mwanzo mshale ulisimama pale unapotakiwa. Tukangoja. Kisha ukaanza kushuka. Polepole. Injini ikaanza kukohoa, ikazima.

Bernita akasema basi ni pampu. Kabureta lina subira, anasema, lina kibakuli chake cha akiba. Hizi injini za kupuliza mafuta, kama yako, ukizipunguzia presha kidogo tu zinakata roho. Verlin akanung'unika kwamba naye angesema pampu. Bernita akamjibu, "Wewe ungesema filta hata kama gari halina tairi."

Pampu itafika Jumatatu.

Twyla tena. Anauliza kwa nini nisipande basi. Atatuma tiketi. Nikamwambia gari haliwezi kuachwa, mabomba ya maji yataganda yapasuke, na kambi inafungwa mwisho wa mwezi. Yote hayo ni kweli.  Kisha akasema baba amekula pichi ya kopo, nusu. Nikasema vizuri.

Jumapili, 13 Oktoba

Umeme wa kambi ulikatika asubuhi kwa sababu ya theluji iliyolemea nyaya. Kila mtu akawasha jenereta yake. Yangu ilikwenda kidogo, ikazima.

Hapa hata mtoto anajua maana yake. Jenereta inakunywa tangi moja na injini, ila mrija wake umekatwa mfupi: petroli ikishuka hadi robo, jenereta inazima yenyewe, ili ubaki na ya kuondokea. Jenereta ikizima, unamimina. Hufikirii. Nikafungua kifuniko, nikamimina dumu. Tangi likajaa upesi, mengine yakamwagika kwenye theluji. Nikawasha jenereta, ikakubali. Nikapika mayai.

Twyla anasema baba ameuliza gari langu ni lipi siku hizi. Akamwambia ni lile kubwa la rangi ya maziwa. Baba akasema hilo ni la wazee. Twyla alicheka akinisimulia. Kisha akalia. Mimi nilikuwa nageuza mayai.

Jumatatu, 14 Oktoba

Pampu mpya imeingia. Vidole vilikuwa havisikii, nilikaza klempu kwa kuitazama tu. Bernita alikaa kwenye ndoo akitoa amri. Nikawasha, mshale ukasimama, ukakaa, ukakaa. Majirani wawili watatu wakapiga makofi. Verlin akasema atakosa mtu wa kumkoromea karibu. Nikaagana nao. Bernita akaingia kiti cha pembeni na geji yake, anisindikize hadi barabara kuu, Verlin nyuma na pikapu amrudishe.

Daraja. Maghala. Ikakohoa.

 Mshale umelala. Bernita akauliza, bila kunitazama, kama nina uhakika nina petroli. Geji ya dashibodi inaonyesha zaidi ya nusu. Siku hizi siamini geji hata moja. Nikashuka, nikafungua kifuniko nichungulie.

Tangi likavuta pumzi.

Kweli kabisa. Lilivuta hewa kwa nguvu, mluzi mrefu, kama mtu aliyeshikwa chini ya maji, na bati lake likarudi nje kwa kishindo. Bernita aliusikia akiwa ndani. Akashuka, akasema, "Rudishia. Washa." Nikawasha, ikaitika. Tukangoja pale pale kando ya barabara hadi ikakohoa. Akafungua kifuniko. Mluzi. Injini ikajiweka sawa yenyewe.

Kumbe petroli ilikuwa inatoka na hewa haiingii. Injini ilikuwa inanyonya hadi inashindwa. Filta na jenereta — mara zote mbili tuliongeza dumu, na kuongeza dumu ni kufungua kifuniko; kwenye pampu tulifungua mabomba, hewa ikaingia humo. Tulikuwa tunaitibu bila kujua na tunasifu kitu kingine.

Bernita akaingia chini na tochi. Bomba dogo la kupumulia, linapanda nyuma ya tangi. Mdomo wake umejaa povu. Lile povu la njano la kopo, linalofura na kukauka kama mkate.

Verlin alikuwa amesimama nyuma yetu. Mashamba yakivunwa panya wote wanakimbilia kambini, na kila Septemba mzee huyu anazunguka na makopo yake kuziba matundu ya kila mtu, kwa hiari, kwa keki moja na asante. Langu alilizibia wiki niliyofika. Alijikunja polepole, magoti yakilia, akatazama.

"Hilo ni langu," akasema.

Bernita akampisha, akammulikia tochi.

Verlin akatoa kisu chake, akalala chali kwenye theluji bila boksi, akaanza kukata. Nilimwambia aniachie. Aliendelea kukata. Alipotoka, nywele zimelowa, alisema, "Nimekushikilia hapa wiki nzima. Nenda, mdogo wangu. Nenda ukamwone mzee."

Nilimwambia hakuna neno. Nilikuwa nasema kweli, na hilo ndilo limenishangaza.

Lakini giza lilikuwa linaingia na barabara ina barafu. Nikarudi kambini kulala.

Jumanne, 15 Oktoba

Jua. Barabara ni kavu. Nimewasha baada ya kifungua kinywa, haijazima. Kifuniko kimefungwa. Presha iko pale pale. Nimekwenda hadi barabara kuu na kugeuza, bila tatizo. Sijui kwa nini nimegeuza. Nadhani nilitaka kuwa na uhakika.

Sasa nimeegesha mahali pangu, inanguruma. Maji yamechomolewa, umeme umechomolewa. Verlin amepita mara mbili akijifanya ana shughuli. Mara ya pili alipiga bodi ya gari kwa kiganja, kama unavyompiga farasi aondoke.

Nimeosha kikombe. Nimefunga tena masufuria.

Twyla amepiga. Anasema baba tangu alfajiri hafungui macho, lakini ukimshika mkono anabana. Muuguzi amewaambia wamsemeshe, anasikia. Akauliza, "Kaka, gari limepona?"

Nikasema bado. Nikasema tunahisi ni kompyuta ya gari, na hiyo lazima iagizwe.

 Kisha akasema, "Mbona nasikia injini?"

Nikamwambia ni ya jirani.