Nguzo Zako za Mtalawanda

Matombo, 21 Novemba 1910

Kaka yangu mpenzi Agustino,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma kwenye kazi ya reli, na kwamba kile kikohozi cha vumbi ulichoniandikia kimekuacha. Mimi na mume wangu Kasiani tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nyumba ya marehemu mama haivuji, na migomba uliyopanda nyuma imezaa.

Kaka, sijui nikueleze vipi furaha niliyo nayo tangu Julai tulipofunga ndoa. Kila asubuhi Kasiani huniletea maji ya kunawa, na wanawake mtoni hunitania kwamba nimemroga. Ananiita mwalimu kwa sababu nilisoma kwa masista. Nikisikia nyayo zake zikipanda kilima nasahau hata chungu kilicho motoni. Tumekula ugali wa kuungua mara nyingi, naye husema ni mtamu.

Tumejenga nyumba ya vioo. Misheni ilipobadilisha madirisha, Kasiani alifanya useremala, akapewa vioo vya zamani arobaini. Akaona kwamba miche ya kabichi, ambayo huku juu huozeshwa na ukungu, ingekua vizuri chini ya vioo, nasi tungewauzia Wajerumani wa Morogoro. Majirani walimcheka, wakasema mboga zinajengewa kasri na mke analala kwenye udongo. Lakini unajua hali ya mwanamume aliyeoa kwetu: ardhi ni ya ukoo wa mama, nyumba ni yangu, hata jembe alilikuta. Alitaka kitu kimoja ambacho watu wangesema ni cha Kasiani.

Tatizo likawa fremu. Kwanza alitumia mianzi, kwa kuwa ipo karibu na ni myepesi. Upepo ukaitikisa, vioo vinne vikavunjika, na baada ya mwezi dumuzi walikuwa wameigeuza unga. Akashuka hadi Mwembesongo, kule Morogoro mjini, akarudi na vyuma chakavu begani. Jua lilipowaka chuma kikatanuka, vioo vingine vitatu vikapasuka. Akakata miti mibichi msituni, nayo ikapinda ilipokauka. Jioni ile alikaa mlangoni. Nilipomuuliza anachotaka, alisema anataka mti mkavu, ulionyooka, ambao mchwa hawaugusi, na kwamba mti kama huo hakuna aliye nao.

Kaka, mimi nilikuwa nao.

Najua nguzo zile ishirini za mtalawanda ulizilaza mtoni miezi mitatu, ukazikausha miaka minne chini ya upenu wa mama. Najua zilikuwa za nyumba uliyotakiwa kujenga Kinole kwa Mama Magdalena, ndipo akupe binti yake Paskalia. Uliniachia mimi nizilinde. Mimi mwenyewe nilimshika Kasiani mkono nikampeleka upenuni. Aliniuliza kama umeruhusu, nikamwambia ndiyo. Alizikata vipande vifupi vifupi, akiimba, nami nikamshikia.

Ningekuandikia hayo tu na kukuomba radhi, lakini sijamaliza. Septemba Mama Magdalena alikuja. Alisema mvua za vuli zinakaribia, na amekuja kuona kama nguzo bado zipo, kwa maana mwanamume anayekusudia kujenga huonekana kwa nguzo zake. Akautazama upenu mtupu, akaniuliza. Kasiani alikuwa ndani akinywa uji. Niliogopa kwamba nikisema kweli ukoo utamwita mwizi na kumfukuza, kama wanavyoweza. Nikasema wewe umeagiza tuzitumie, kwa kuwa umepata maisha huko. Akauliza kama umemletea Paskalia hata salamu. Nikasema hapana. Salamu zako zilikuwa ndani, kwenye barua yako chini ya mto wangu.

Matangazo ya ndoa ya Paskalia yalisomwa Jumapili tatu. Mara zote tatu padre alisema mwenye kujua kizuizi aseme, na mara zote tatu nilikuwa benchi la pili, nimeinamisha kichwa. Juzi Jumamosi, kabla Majilio hayajazuia harusi, Paskalia aliolewa na Severini, yule mgane wa Kinole ambaye nyumba yake imesimama tayari. Kabichi ya karamu ilitoka kwetu. Bibi harusi alinivuta pembeni, akaniomba nikuandikie kwamba hana kinyongo, angetaka tu ungemwambia mwenyewe. Nilimwitikia.

Kasiani bado hajui. Leo ameniletea maji ya kunawa kama kawaida, akanisifu kwamba bila mimi asingepata fremu. Nampenda, kaka, na siwezi kumtazama usoni.

Uliniandikia utakuja Krismasi. Njoo, au usije, siwezi kukuchagulia. Jilinde na vumbi. Kasiani anakusalimu sana na anakushukuru kwa ukarimu wako. Nguzo zako hazikupinda, na mchwa hawajazigusa.

Ni mimi mdogo wako,
Cecilia