Shimo la Ng'ombe wa Mahari

Ngoliba, Thika
9 Juni 1957

Kwa ndugu yangu Muasya,

Sisi huku tu wazima. Natumaini nawe u mzima huko Ruiru, ingawa kwa harufu uliyokuja nayo Pasaka sina hakika. Shati lako nimelifua mpaka sabuni ikaisha na bado linanuka.

Sasa unaniandikia nichimbe shimo uani, nikatekate mabua mabichi ya mahindi, niyazike na kuyanyunyizia vijidudu vya kwenye chupa. Vijidudu, Muasya. Halafu nimlishe uchafu huo yule ng'ombe mwekundu, ambaye ndiye mahari iliyobaki ya mchumba wako Ndinda. Chupa yako nimeiweka nyuma ya choo, mbali na chakula changu. Nieleze vizuri, maana nasikia kinyaa hata kuiandika.

Dada yako,
Ngina

Ruiru
17 Juni 1957

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila umenitia haya. Harufu ile ilitoka kwenye shimo la malisho la mwaka jana, la bwana mwenye shamba ninapofanya kazi. Majani yalioza, ng'ombe wakayakataa, sisi tukayazoa kwa mikono.

Vijidudu hivi ni vya kuzuia hayo. Wewe huacha maziwa kidogo ya jana kwenye kibuyu ili ya leo yagande vizuri. Basi ni hivyo hivyo. Majani yanachacha kabla hayajaoza, na tumbo la ng'ombe linayasaga bila taabu. Changanya na maji safi, nyunyiza, kanyaga sana, funika kwa udongo. Usifungue mpaka Agosti iishe, kwa sababu hewa ikiingia yote yataoza. Ukame ukimuua ng'ombe huyu, Mzee Kilonzo hatanipa binti yake.

Mdogo wako,
Muasya

Ngoliba, Thika
21 Julai 1957

Muasya,

Hujambo? Mimi mwili ni mzima, moyo sivyo. Nilizika. Nilikanyaga kwa miguu mitupu, maji ya mabua yakinipanda magotini, nikatapika kando ya shimo.

Sasa majirani wanasema mwanamke anayeishi peke yake amezika kitu uani. Jana Mzee Kilonzo alikuja na wazee wa kanisa. Walisimama wameziba pua, na hapakuwa na kinachonuka. Nilipotaja vijidudu ndipo nilipoharibu kabisa. Anataka nifukue aone, la sivyo Ndinda haolewi kwenye boma la uchawi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nijibu upesi.

Dada yako,
Ngina

Ruiru
26 Julai 1957

Dada,

Sijambo, lakini sili. Nimeomba ruhusa nije, bwana amekataa. Ukifungua sasa, mabua yataoza na ng'ombe hatakuwa na cha kula. Usifungue. Ndinda ananijua, atangoja.

Mdogo wako,
Muasya

Ngoliba, Thika
22 Septemba 1957

Mdogo wangu,

Natumaini afya yako ni njema, na uketi kwanza ndipo usome. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Sikufungua. Ndinda aliolewa Agosti na mwenye duka wa Thika. Wazee wale wale waliimba harusini.

Agosti ilipoisha nilifukua. Majani yalikuwa na harufu ya uji uliochacha, nikayashika kwa mikono yangu bila kinyaa. Ng'ombe anakula mpaka analamba karai. Huku kote ni yeye tu anayekamuliwa.

Jana Mzee Kilonzo alipitia nyuma ya nyumba, karai mkononi. Ng'ombe wake wanaanguka kwa njaa. Akaomba kidogo tu ya ile dawa yangu. Aliniangalia usoni akisema hivyo, na kichefuchefu nilichosikia vijidudu vyako havijawahi kunipa. Nilimjazia karai, kwa kuwa ng'ombe wake hawakunitukana. Alipotaka kunipa mkono niliuficha wangu ndani ya leso.

Mahari yako imesimama hapa uani, imenona. Niambie niipeleke kwa nani.

Dada yako,
Ngina