Mitetea Wamekwisha Mwankoko

Alhamisi. Upepo wa mwezi wa saba umevuma tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye chai. Nina hasira kidogo, na chini ya hasira hiyo nina hamu ya mtu.

Leo nimewafundisha darasa la sita utandawazi. Kitabu kinasema dunia imekuwa kijiji. Nikachora duara ubaoni, nikaliita Mwankoko, nikawaambia wanitajie vinavyoingia na vinavyotoka. Vinavyoingia: ndala za plastiki, betri, mitumba, simu. Vinavyotoka: alizeti, vitunguu, asali na kuku. Kuku walitajwa na darasa zima kwa pamoja, maana hakuna mtoto hapa ambaye hajaona matenga yakifungwa juu ya basi la Dar.

Tukaingia kwenye maendeleo endelevu. Maelezo ya kitabuni ni marefu, hata mimi yananichosha. Hadija, msichana mkimya wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, bibi alikuwa anauza majogoo tu, mitetea anawaacha watage. Mwaka jana akauza wote. Sasa banda tupu."

"Kwa nini aliwauza?" nikauliza, kama vile sijui.

"Walikuja wanunuzi, wakasema Dar wanachukua kuku yeyote."

Hadija ana adabu. Aliyekuja ni mume wangu.

Baba Rehema ni mchuuzi wa kuku. Zamani alikuwa akikusanya kuku hapa Mwankoko mwanzoni mwa wiki, anasafiri nao, na Ijumaa jioni yuko nyumbani, ananuka kuku na moshi wa basi, anacheka. Nilikuwa namlalamikia sana ile harufu. Siku hizi naitamani.

Wateja wa Dar walipoongezeka, majogoo hawakutosha. Akaanza kuchukua mitetea, hata wale waliokuwa wanaatamia. Siku moja tenga la mwisho lilikuwa halijajaa na basi linapiga honi. Nikaingia bandani kwangu, nikatoa mitetea yangu yote, nikamjazia. Mama yangu alinilea kwa utaratibu uleule wa bibi yake Hadija. Lakini nilitaka awahi kwenda ili awahi kurudi.

Nilijua, na nikafanya.

Kuku wakaisha Mwankoko, vijiji vya jirani vikafuata. Walipokwisha, mwenzangu hakuwa tena na cha kufuata huku. Sasa ananunua Shinyanga, anashusha Dar. Basi lake linapita hapa Singida, linasimama stendi dakika chache, linaendelea. Nimekwenda mara mbili kumwona. Tuliongea dirishani, yeye juu, mimi chini, muuza karanga akipita katikati yetu. Mara ya pili nililia njia nzima nikirudi, na sikujali nani ananiona.

Darasani sikuyasema haya. Nilimsifu Hadija, tukaandika kwamba maendeleo endelevu ni kutumia vya leo bila kuwanyima wa kesho, kengele ikalia. Walinakili kwa mwandiko mzuri.

Mchana simu ikaita. Akanisalimu, akauliza hali ya Rehema, binti yetu, kisha akafika kwenye lake.

"Mama Rehema, huko kuku wameanza kupatikana?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda letu, ambalo sasa tunawekea kuni.

"Wapo," nikamjibu. "Wamejaa. Njoo."

Akafurahi. Amesema atashuka Jumamosi na matenga matupu.

Nimekuja hapa kwenye duka la intaneti la Utemini, mjini Singida, kuyaandika haya kabla sijaona aibu nikayameza. Asubuhi nimewafundisha watoto wa watu, mchana nimedanganya kama kibaka. Ningeweza kumpigia nikamwambia ukweli. Simu ninayo mkononi, na salio lipo.

Simpigii.

Jumamosi atazunguka nyumba kwa nyumba na kuona mwenyewe mabanda aliyoyamaliza, aliyoyamaliza na mimi nikimsaidia. Atarudi amefura, na mimi nitakuwa nimepika. Nitamwambia hapakuwa na kuku hata mmoja, kwamba nilimwita yeye.

Basi la Dar linapita Jumapili asubuhi. Akishajua hakuna cha kubeba, atalipanda?