Paa la Nyasi, Dari ya Udongo

Nyumba yangu itachomwa moto, na aliyeomba ichomwe ni mimi mwenyewe.

Leo Jumatano. Upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye unga. Lakini naandika. Herufi hizi alinifundisha Salimu, mwanangu, alipokuja likizo kutoka shule ya serikali Tanga. Mama gani mwingine hapa Chanika anaandika? Hakuna. Nimezaa karani wa akida, nimemlea kwa jembe, na kila aliyepita kisimani amenisikia nikilisema hilo.

Leo karani huyo amenitupa mbele ya watu.

Akida, msimamizi wa eneo letu, alituita barazani, na bwana shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya, alikuwapo. Salimu akasimama na karatasi, amevaa kanzu niliyoifua mimi jana, akasoma amri. Kule Korogwe cheche za gari la moshi zimeteketeza nyumba kando ya reli. Kwa hiyo sasa nyumba zote, za huko na za huku Handeni, zijengwe mstari mmoja kando ya barabara, ziwe na pembe nne na paa la makuti, na dari za zamani zivunjwe.

Makuti. Huku kwetu minazi iko wapi?

Na barabara yetu imepita juu ya kilima, pale pale unapopita upepo wa kiangazi. Nyumba ya kwanza ikishika moto, ya mwisho inangoja zamu yake tu. Korogwe wako bondeni, mto uko karibu. Sisi mtungi mmoja wa maji ni kazi ya asubuhi nzima.

Yote haya Salimu anayajua. Mwezi uliopita alikaa jikoni kwangu siku mbili, anauliza, anaandika. Nilimweleza tunavyozitawanya nyumba, tunavyofyeka majani kuzizunguka, tunavyopanga miti juu ya kuta na kuisiliba udongo unene wa shubiri, ili nyasi za paa zikiungua, moto uishie huko juu. Akasema bwana shauri lazima ayasikie. Nikamchinjia jogoo. Nikawatangazia majirani kwamba amri mpya itatoka jikoni kwangu.

Nilijisifu mno, nakubali.

Bwana shauri aliuliza hizo dari za udongo zina kazi gani. Nikamtazama mwanangu. Akajibu bila kugeuka, "Ni mambo ya washenzi, bwana. Hayana maana."

Mama Zubeda, jirani yangu, akaninong'oneza, "Mshenzi mwenzangu, sogea basi nikae." Waliosikia wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikainuka.

"Shikamoo, akida. Nyumba yangu msiivunje, ichomeni. Kitanda changu, nguo zangu na mbegu zangu zote za mahindi vitabaki ndani. Vikiungua, nitakuwa wa kwanza kuhamia kwenye mstari wenu. Visipoungua, mtuachie nyumba zetu na dari zetu."

Salimu akanishika mkono. "Mama, unaniaibisha."

Nikamwuliza nani ameanza.

Akida alicheka. Bwana shauri hakucheka. Akasema haya, na iwe hivyo.

Niliporudi nilipanda kuipapasa dari. Kuna ufa upande wa mashariki, naweza kupitisha kidole. Kesho nitakanda udongo niuzibe, ila sijui kama utakauka kwa wakati. Mbegu zikiungua, msimu huu silimi. Hilo sijamwambia mtu, hata Mama Zubeda.

Lakini nyumba hainiumi kama lile neno. Angesema hajui, ningemsamehe palepale. Yeye anajua. Amelala chini ya dari hiyo tangu nilipomzaa.

Chakula chake nimekifunika, kama kila siku. Hajaja.

Je, nikishinda nitakuwa nimemshinda nani?

Nyumba itachomwa Jumamosi, jua likishapanda kidogo. Akida ameagiza Chanika yote ije, na karani aje na karatasi yake.